Aliyekuwa Akija Mapema Kupanga Viti

Kwa muda wa miezi mitatu hivi, msichana mmoja wa miaka 14 alikuwa akifika kwenye kikundi chetu cha vijana dakika 40 kabla ya wenzake. Hakuna aliyempa jukumu lolote. Alichukua viti vilivyorundikwa ukutani, akavipanga kwa mduara, akavihesabu, kisha akakaa kwenye kile kilicho karibu na mlango na kuinamia simu yake ambayo, kama nilivyokuja kugundua baadaye, mara nyingi ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Nilimshukuru kila mara kwa bidii yake na sikuuliza zaidi ya hapo. Siku moja, wakati ninafunga mlango, alisimama pembeni akaniuliza, "Dada, kwani Jumamosi hatuwezi kukutana?" Nilimjibu kwamba Jumamosi hatuna mtu wa kusimamia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo nyumbani kwao hapakaliki.

Nimejitolea katika shughuli za vijana kwa miaka tisa, na nakiri kwamba hadi jioni ile nilikuwa nikiviona vitu viwili kana kwamba havina uhusiano: kwa upande mmoja michezo, uimbaji, uchoraji na mafunzo ya kompyuta, na kwa upande wa pili huduma za msaada, yaani ushauri nasaha, ustawi wa jamii, kliniki na simu za msaada. Siku hizi sivitenganishi tena. Kijana balehe ni nadra sana kutoka nyumbani akiwa amekusudia kwenda kuomba msaada. Hutoka kwenda kucheza au kukaa tu na wenzake, na msaada humfikia akiwa huko, iwapo yupo mtu mzima anayemfahamu kiasi cha kutambua kwamba leo hayuko kama alivyokuwa juzi.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ubalehe kuwa kipindi cha kuanzia miaka 10 hadi 19, na linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri huo anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika kikundi cha watu 30 kama chetu, hesabu hiyo ni sawa na vijana wanne au watano. Ukiwatazama wakikimbia uwanjani huwezi kuwatambua, na wao wenyewe mara nyingi hawana jina la kinachowasumbua. Mmoja atasema anaumwa kichwa kila asubuhi ya siku ya shule, mwingine ataanza kugombana na kila mtu, na mwingine, ambaye huyo ndiye ninayemhofia zaidi, atakuwa mpole kupita kiasi na kuanza kugawa vitu vyake anavyovipenda. Mtu anayemwona kijana mara moja tu, akiwa mbele ya meza yenye fomu, hawezi kuyaona mabadiliko haya, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho.

Tulijifunza somo hili kwa kukosea. Miaka michache iliyopita tulipata mshauri nasaha aliyekubali kuja mara moja kwa wiki, nasi kwa furaha tukamtengea chumba kilicho karibu na lango kuu na kuweka mlangoni kibao kikubwa chenye maneno USHAURI NASAHA KWA VIJANA. Kwa wiki sita hakuingia hata mmoja. Mshauri alikaa na vitabu vyake, na baadhi yetu tukaanza kusema kwamba vijana hawataki kusaidiwa. Kijana mmoja ndiye aliyetufumbua macho: alituambia kwamba kila anayeingia chumba kile anaonekana na watu wote walioko uwanjani, na kabla hajatoka tayari watakuwa wamekwisha kumtungia ugonjwa. Tuliondoa kibao, tukamhamishia mshauri kwenye chumba kidogo cha nyuma kinachopakana na stoo ya mipira, na tukamwomba awe ndiye anayegawa na kupokea vifaa vya michezo. Tangu hapo kila kijana ana sababu ya kwenda kule, na anayechelewa kutoka huenda alikuwa anatafuta pampu. Mazungumzo ya kwanza yalianza wiki iliyofuata, mshauri akiwa ameshika mpira uliopungua upepo na kijana akiwa amesimama mlangoni bila kuingia wala kuondoka.

Sisemi kwamba kila mahali pafanye hivyo. Nchini Australia, kwa mfano, mtandao wa vituo vya headspace ulioanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 25 ulikusanya chini ya paa moja huduma za afya ya akili, afya ya mwili, masuala ya kazi na masomo, na dawa za kulevya, ili kijana asilazimike kujua mapema tatizo lake ni la idara gani. Njia ni tofauti na yetu, lakini wazo linafanana: mlango ni mmoja, na anayeingia halazimiki kujitangaza kwanza.

Kuhusu siri, naomba niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye nia njema hufanya madhara makubwa. Kijana akianza kwa kusema, "Nikuambie kitu lakini usimwambie mtu," wengi wetu hujibu haraka, "Niambie tu, sitasema." Ahadi hiyo haipaswi kutolewa. Iwapo atakachosema ni kwamba kuna mtu anayemdhuru, au kwamba yeye mwenyewe anafikiria kujidhuru, utalazimika kuwashirikisha wanaoweza kumlinda, na atakapogundua kwamba umevunja neno lako huenda asimwambie mtu mwingine yeyote kwa miaka mingi. Mimi humwambia kabla hajaendelea kwamba mengi atakayonieleza yatabaki kati yetu, isipokuwa yale yanayohatarisha uhai au usalama wake au wa mtu mwingine, na kwamba yakiwa hayo nitamweleza nani nitamwambia na kwa nini, kabla sijafanya hivyo. Nilidhani maneno hayo yangewafukuza. Kinyume chake, wengi hutulia, kana kwamba wamesikia kwamba yupo mtu mwenye mpango.

Jambo jingine ni rufaa. Katika mikutano tunapenda kusema kwamba kijana "amepewa rufaa", maana yake ameandikiwa karatasi yenye jina la ofisi na saa za kazi. Kwa mtu mwenye wasiwasi, karatasi ile ni safari nzito: atauliza nani mlangoni, atasema nini kwa mpokezi, atasubiri wapi, na itakuwaje akikutana na jirani. Ndiyo maana sisi tumeacha kutoa rufaa kwa karatasi pekee na badala yake humsindikiza, mmoja wetu akikaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Msichana wa viti alipokubali kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii, tulikwenda wote wawili, na njiani hatukuzungumza habari za nyumbani hata kidogo. Alinieleza kwa urefu kuhusu mwalimu wao wa hisabati anayeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Kulipokuwa karibu kuitwa jina lake, aliniuliza kama ningekuwepo atakapotoka. Nilikuwepo.

Watu wengi huniuliza kama shughuli zenyewe zina faida yoyote, au ni njia tu ya kuwavuta vijana karibu na huduma. Zina faida yake kamili. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa na utamaduni, na unaitaja kuwa haki, haukuiweka kama zawadi ya mwenye tabia njema. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kutoa jasho kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, na zaidi ya asilimia 80 ya vijana balehe duniani hawafikii kiwango hicho. Hali ni mbaya zaidi kwa wasichana, na sababu moja tuliiona kwetu bila kuhitaji utafiti: uwanja mmoja, mpira mmoja, na wavulana wakubwa wameshaukamata tangu saa tisa. Tulipotenga siku mbili ambazo wasichana ndio wanaoanza na ndio wanaoamua mchezo, idadi yao iliongezeka bila tangazo lolote.

Mfano unaotajwa sana katika mambo haya ni Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema kwamba walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Fedha za umma ziliwekwa katika michezo, muziki na sanaa za baada ya masomo, wazazi wakahimizwa kukaa zaidi na watoto wao, na sheria ikazuia walio chini ya umri fulani kuzurura usiku. Wengi huchukua mfano huo na kusema, basi tujenge viwanja. Mimi ninaona kwamba siri yake kubwa iko kwenye jambo lisilopigwa picha: vijana wenyewe waliulizwa kwa dodoso mara kwa mara, na matokeo yakarudishwa kwenye shule na jamii husika ili zitende jambo. Kiwanja kisicho na msimamizi anayejua majina ya wachezaji kinaweza kabisa kuwa mahali pa kwanza pa kuvutia sigara.

Kuuliza nako kuna namna yake. Mtafiti Roger Hart, katika kazi aliyoiandika kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi yenye vipandio vinane vya ushiriki wa watoto, na akasema wazi kwamba vipandio vitatu vya chini si ushiriki hata kidogo: kuwatumia watoto kwa malengo ya wakubwa, kuwafanya mapambo, na kuwaweka mbele kwa jina tu. Nilipoisoma ngazi hiyo mara ya kwanza niliumia, kwa sababu nilikumbuka kamati yetu ya vijana tuliyoiteua sisi wenyewe, tukaivalisha fulana zinazofanana, tukaiketisha mstari wa mbele wageni walipokuja, na hatukuwahi kuikabidhi uamuzi hata mmoja. Sasa kamati huchaguliwa na vijana na ina mamlaka juu ya mambo matatu ya kweli: ratiba ya wiki, kanuni za uwanja, na fungu la vifaa. Mwaka wa kwanza walitumia karibu fungu lote kununua spika. Tulitamani sana kuwazuia, hatukuwazuia, na mwaka uliofuata wao ndio waliopendekeza daftari la matumizi.

Usalama hauna mjadala kwetu. Hakuna mtu mzima anayekaa na kijana peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Hata chumba cha mshauri kina kioo mlangoni, ambacho kinamwezesha mtu kuona bila kusikia. Kila anayetaka kujitolea huulizwa habari zake kwa watu waliowahi kufanya naye kazi, hata kama ni rafiki yetu wa siku nyingi. Ujumbe wa simu kwa vijana hupita kwenye kundi la pamoja lenye walezi wawili au zaidi, na si kwenye mazungumzo ya faragha ya usiku. Wapo waliotuona tuna shaka kupita kiasi. Wakidhani hivyo, ni sawa.

Kinachonisumbua zaidi kwa sasa ni kalenda. Huduma nyingi za vijana hufuata saa za ofisi na muhula wa shule, kwa hiyo hufungwa jioni, mwisho wa wiki na likizo, yaani nyakati zile zile ambazo kijana mwenye nyumba ngumu anahitaji mahali pa kwenda. Simu za msaada zinaziba sehemu ya pengo hilo, na kila kijana anapaswa kuijua namba ya nchini kwake kwa kichwa, kwa sababu simu inaweza kunyang'anywa au kuzimika kama ile ya msichana wangu. Lakini sauti ya mtu wa mbali haiwezi kumpa mahali pa kukaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Jumamosi tulianza miezi miwili baada ya swali lake. Ni kwa muda wa saa nne tu, walezi wawili kwa zamu, na mara nyingi hakuna ratiba yoyote zaidi ya karata, vitabu na hiyo spika. Bado anakuja mapema, ingawa siku hizi huja na mdogo wake, na viti wanavipanga wote wawili. Likizo inayokuja tunataka kufungua kila siku ya wiki, na kwa hilo tunahitaji walezi kumi. Hadi leo asubuhi orodha ya zamu ina majina sita.