Baridi ya Aktiki yaja Dallas, theluji bado haijathibitika
Tangu jana watabiri wa hali ya hewa hapa Dallas, Texas, wanatangaza kwamba hewa baridi kutoka Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, itateremka kupitia Kanada na nyanda za kati za Marekani, ambako hakuna milima ya kuizuia, na kutufikia kabla ya Krismasi. Watoto, bila shaka, wanachouliza ni theluji tu. Baridi yenyewe hutabirika siku kadhaa kabla, lakini theluji huhitaji pia unyevu wa Ghuba ya Meksiko ufike wakati baridi ingalipo, na mara nyingi upepo wa kaskazini huurudisha unyevu huo baharini. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2022, tulipoganda bila kuona theluji ya maana. Mwaka 2009, kinyume chake, ilianguka mkesha wa Krismasi. Mimi nahofia mabomba zaidi, maana Februari 2021 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, umeme ukakatika, maji yakaganda na bomba la jikoni kwetu likapasuka. Leo nimeshafunga bomba la nje kwa taulo kuukuu na mfuko wa plastiki, na usiku nitaacha maji ya ndani yatiririke kidogo kidogo ili yasigande.