Kigari cha mwalimu

Kidau changu kina urefu wa mita 3.3, na kwa miezi mitano hakikugusa maji. Si kwamba kilitoboka. Kilikuwa kizima, kimefunikwa turubai chini ya mti wa mkungu, hatua 60 kutoka pale maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapoishia, nami nakipita kila jioni nikirudi kutoka shuleni kama mtu anayempita mdai wake.

Kisa ni watu. Kushua chombo, yaani kukiingiza majini, hapa Kigombe, pwani ya Tanga, ni kazi ya watu wanne. Mnalaza vigogo vya mvinje, mnasukuma, kigogo kinachobaki nyuma mmoja anakiokota anakimbia nacho mbele, mnasukuma tena. Watu wakiwepo ni kazi ya kucheka. Lakini saa ninayotaka mimi kushua, nao wanashua vyao, na wakirudi wana samaki wa kuwahisha mnadani. Wanaobaki pwani ni watoto, na watoto wenyewe ndio nawafundisha hisabati na fizikia, siwezi kuwatoa darasani wanisukumie chombo. Halafu mimi ni mwanamke ninayekwenda baharini kutembea, labda nitupe mshipi wa kuvulia, basi. Nani aache nyavu zake aje kusukuma matembezi? Sikumlaumu mtu. Nikawa tu siendi.

Kidau alinitengenezea mjomba wangu, fundi wa mashua tangu sijazaliwa, na mpaka leo hakiiti kidau. Anakiita sanduku. Kimeundwa kwa marine bodi, zile mbao za kumwagia zege, ambazo pamoja na jina lake hazina ubaharia wowote: usipozipaka rangi vizuri kingoni zinafumuka kama chapati. Nilitaka chombo chepesi. Nilipata chepesi kwa hesabu za mjomba, aliyezoea kupima uzito wa vyombo kwa idadi ya wanaume.

Siku nilipomwambia nataka kukiundia kigari cha magurudumu alikuwa anaziba mashua ya watu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Chombo hakitembei kwa magurudumu."

"Mpaka kifike majini tu."

"Kikishafika majini hayo magurudumu utayaweka wapi?"

Nilicheka. Swali lile lilikuja kunirudia baadaye, na halikuja na kicheko.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua uzito. Niliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, tukaifunga kwenye tawi la mkungu. Tukainua omo, yaani mbele, peke yake, tezi, yaani nyuma, imekaa juu ya kigogo: kilo 41. Tukageuza, tukainua tezi: kilo 57. Jumla 98. Nikachora mchangani kwa kijiti, maana hili ni swali la kidato cha pili na nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. 41 mara 3.3, gawa kwa 98: kitovu cha uzito kiko mita 1.38 kutoka tezi. Mjomba alipita, akatazama ule mstari, akaweka kigogo chini ya kidau kwa kukisia, akakiyumbisha. Kikatulia. Nilipima na futi: alikosea kwa upana wa vidole vitatu.

Ekseli sikuiweka chini ya kitovu hicho. Ukiiweka hapo chombo kitakuwa chepesi ajabu mkononi, na kitakuwa hakina adabu. Ukitupia nanga tezi kidogo tu, omo inapaa. Niliisogeza nyuma sentimita 20. Mshikio unatokeza mbele ya omo, kwa hiyo uzito unaonilalia mkononi ni kama kilo 8, ndoo ndogo ya maji isiyojaa. Huo naubeba. Kilo 90 zinazobaki zinabebwa na magurudumu.

Sasa magurudumu. Hapa nimepoteza pesa na nusu ya likizo ya Juni.

Kwanza nilifunga ya baiskeli ya mtoto wa dada, inchi 20. Uani yalikwenda vizuri mpaka nikajiona nimeshamaliza. Kwenye mchanga mkavu yalizama mpaka kwenye spoki, kama kisu kwenye papai bivu. Nilivuta, yakajikunja. Bado nadaiwa baiskeli. Kisha nikanunua jozi ya mkokoteni, ya gari dogo. Hayo hayakuzama, lakini kigari peke yake kilinishinda kukigeuza. Ukimuona mbeba mizigo sokoni anakimbia na mkokoteni usidanganyike, yuko juu ya lami.

Ya tatu ndiyo niliyonayo, magurudumu ya toroli la kubebea zege, shilingi 35,000 moja. Ubavuni yameandikwa 4.00-8, namba ileile utakayoikuta kwenye tairi la bajaji. Nilipogundua hivyo nilifurahi, maana tairi kuukuu za bajaji unapewa bure ukiongea vizuri. Nikavalisha. Kumbe ni gumu mno. Limeundwa kubeba dereva na abiria (na sisi tunaojua idadi ya abiria wa bajaji tunyamaze), hata ukilitoa upepo halilali. Nikarudishia tairi jepesi la toroli lenyewe, nikabonyeza vali mpaka kidole gumba kikawa kinaingia ubavuni kwa urahisi. Tairi likalala, likakanyaga mchanga kwa upana. Dereva yeyote wa pikapu aliyewahi kukwama ufukweni angeniambia hivyo bila kuomba hata soda. Miaka yote naandika ubaoni kwamba kani-eneo ni kani kugawa kwa eneo, na ilibidi niharibu baiskeli ya mtoto ndipo nigawe.

Mengine ni rahisi. Mbao mbili za mbili kwa nne zimekutana mbele kama herufi A, bomba la chuma la inchi moja limepita nyuma, magurudumu yameachana mita 1.2 ili kidau kisilale ubavu kwenye mteremko. Pale kinapokaa nimefunga zulia kuukuu, juu yake mipira ya tyubu. Zulia peke yake likilowa linateleza. Kila magurudumu yanapogonga kitu, kidau kinataka kurudi nyuma, kwa hiyo kamba ya omo inafungwa kwenye mshikio kila safari, hata ya hatua kumi.

Siku ya kwanza kukitoa kulikuwa na hadhira. Nilikuwa nimeshapita mkungu, navuta kinyumenyume, najisikia, mtoto mmoja akaona nafasi akaruka akaning'inia tezi. Mshikio ulinitoka mkononi ukapanda, ukanigonga kidevu, nikauma ulimi. Mtoto akadondoka kitako mchangani, kidau kimekaa tezi chini, omo mbinguni. Vicheko vilifika mpaka mnadani. Jumatatu yake nilifundisha nyenzo, jinsi mzigo wa upande mmoja unavyoinua upande wa pili, na hapakuwa na mwanafunzi aliyehitaji mfano.

Mchangani vuta, usisukume. Ukivuta, mikono inainua kidogo na magurudumu yanapanda juu ya mchanga. Ukisukuma unayakandamiza. Ukifika mchanga mgumu, ule wenye mawimbimawimbi ulioachwa na maji, unageuza: tezi inatangulia baharini na wewe unashuka na mshikio upande wa nchi kavu. Unaingia mpaka maji yafike magotini, na hapo ndipo kuna ile raha. Mkono unahisi uzito ukipungua. Zile kilo 8 zinakuwa 5, zinakuwa 2, halafu mshikio unaanza kukuinua wewe. Kidau kimeelea. Fungua kamba ya omo, ishike mkono mmoja, bonyeza mshikio chini kwa mkono mwingine, uvute. Lazima ubonyeze, maana magurudumu yamejaa upepo na mbao nazo zinaelea; kigari kinang'ang'ania chini ya chombo kama kupe. Na usisimame kati ya kidau na nchi kavu kukiwa na wimbi. Kilo 98 zikija na wimbi hazina huruma na goti la mwalimu.

Sasa lile swali la mjomba.

Wenye pwani wanajua: siku za bamvua maji yanajaa saa kumi na kupwa saa nne, asubuhi na usiku. Jumamosi moja ya Agosti, mwezi mpevu, nilishuka saa 3 asubuhi. Maji yalikuwa yameshakimbia. Nilivuta hatua kama 250 kutoka mkunguni, nikashua peke yangu bila kuomba mtu, na kwa kiburi hicho nikakivuta kigari hatua tano kutoka majini, nikakiacha. Nikapandisha tanga. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa ya wastani. Nilifika karibu na kisiwa cha Karange, nikavua samaki wawili aina ya changu, wa ukubwa wa kiganja, nikageuza.

Saa 8 na nusu narudi, maji yanajaa. Pale nilipoacha kigari palikuwa na bahari. Nikazungukazunguka na kidau, natazama chini kama aliyedondosha pete. Kijana mmoja akaniita kutoka kwenye ngalawa yake: "Mwalimu! Toroli lako limepita hapa tangu saa saba. Limekwenda mikokoni."

Tena alisema "limepita" kwa utulivu, kama anayesema habari za mtu mzima mwenye safari zake. Nilikikuta kaskazini, kusi imekisukuma mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kimelala chali, gurudumu moja juu linazunguka taratibu kila wimbi likipita. Kukitoa kulinichukua saa nzima na kandambili moja. Jioni ile kidau kilipandishwa na watu wanne kwa vigogo, na wale changu wawili sikula mimi.

Tangu hapo nakipandisha kigari kitupu mpaka juu ya mstari wa majani makavu kabla sijaondoka. Kwenda na kurudi ni dakika 7. Na hapo pana hesabu nyingine: bamvua yetu inashuka zaidi ya mita 3 kwa saa sita, na katikati ya kupwa kwenyewe inashuka kama robo ya hiyo kwa saa moja. Dakika 7 ni karibu sentimita 9. Kidau kinaelea kwenye sentimita 12. Mara ya kwanza nilikiacha nanga chini kwenye maji yasiyofika magotini, nikarudi mbio, nikakikuta kinagusa mchanga, dakika mbili zaidi kingepwelewa. Sasa nakitia nanga maji ya kiunoni na silonge na mtu njiani. Anayenisalimu anajibiwa nikiwa nimeshampita, wamezoea.

Jambo la mwisho ni beringi. Zilizokuja na magurudumu zilikufa kabla ya miezi miwili, zimeoza kwa kutu, zinalia mpaka mbwa wananifuata. Nilizipaka grisi, grisi ikashika mchanga, ikawa msasa. Nikaenda Tanga mjini kwa mtu wa kukereza, akanitengenezea bushi nne za plastiki nyeupe ngumu. Sizitii mafuta yoyote. Nazimwagia maji ya kisima nikirudi, ndoo moja, na zina mwaka sasa.

Mjomba hajasifia. Ila mwezi uliopita alikuja akazunguka kigari mara mbili, akabonyeza tairi kwa kidole, akauliza kama yapo makubwa zaidi ya haya. Nikamwuliza ya chombo gani. Akasema anauliza tu.

Shida niliyonayo kwa sasa ni nyingine. Akina mama wa mwani wamegundua kwamba kigari bila kidau kinabeba magunia manne mabichi kwa mpigo, kazi waliyokuwa wakiifanya kwa kichwa. Wa kwanza aliniomba. Wa pili alimwomba wa kwanza. Jumamosi iliyopita nimeshuka saa 12 asubuhi, maji ndiyo kwanza yanaondoka, tanga begani, kidau kimekaa juu ya vigogo, kigari hakipo. Nikatazama chini ufukweni nikakiona kwa mbali, kimejaa, watu watatu wanakivuta na mmoja anasukuma.

"Mwalimu, shikamoo! Tunamalizia, bado safari mbili tu!"

Nikaitikia. Nikakaa kwenye ukingo wa kidau, nikafungua mhogo wangu, nikaanza kuhesabu sentimita.