Krismasi ya kwanza bila foleni ya Kigongo

Kwetu sikukuu ilikuwa haianzi tarehe 25, ilikuwa inaanzia Kigongo kwenye foleni ya kivuko. Wa Mwanza mnaoendaga Sengerema, Geita, Chato mpaka Bukoba mnanielewa. Unatoka Nyegezi, unapita Buhongwa, Usagara unakata kulia, unafika Kigongo unakuta magari yamepangana mpaka huko nyuma, dereva anazima injini, anafungua mlango anakwambia shukeni mnyooshe miguu. Na hapo ndo likizo imeanza. Watoto wanashuka, jua linawaka, ziwa lile pale, kivuko kiko ng'ambo hata kuanza kurudi hakijaanza, na nyie hamna la kufanya zaidi ya kukaa pamoja.

Baba yao alikuwa na kawaida yake moja. Ananunua mayai ya kuchemsha kwa wale vijana wa trei, na chumvi ile ya kufungwa kwenye kikaratasi cha gazeti, halafu yai halipasui kwenye chuma cha gari wala kwenye jiwe, analigonga taratibu kwenye paji la uso la mtoto, ko! Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Kifungua mimba wangu ana miaka 8 sa hivi, huo mchezo kaujua kabla hajajua kuongea vizuri. Na vivuko alikuwa anavijua kwa majina kama watoto wengine wanavyojua wachezaji, MV Mwanza, MV Misungwi, MV Sengerema, anakiona kikiwa bado kadoti kule mbali anakwambia mama kile ni Misungwi.

Sasa daraja limekuja, kutoka Kigongo mpaka Busisi ng'ambo. Rais Samia kalifungua tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na gari linavuka kwa dakika nne hivi. Hii Krismasi iliyopita ndo ilikuwa ya kwanza kwetu kuvuka kwa daraja kwenda kwa bibi yao na nimekaa na hili jambo moyoni tangu turudi, nikasema ngoja niandike.

Kwanza niseme wazi, mi hilo daraja nalipenda na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Desemba 2019, mwezi uleule lililowekewa jiwe la msingi, nilikuwa na mimba ya huyu wa kati, miezi minane, tuko ukweni ng'ambo, nikaanza kutoka damu usiku. Tukapata gari, tukafika Busisi, kivuko kiko upande wa Kigongo. Tukasubiri. Nimelala siti ya nyuma, mama mkwe kanishika mkono, naona taa za upande wa pili na nasikia maji yanapiga pale gatini, na hakuna mtu anayeweza kufanya chochote mpaka kile chombo kije. Sitaki kuandika sana kuhusu ule usiku. Tulivuka, tukafika hospitali, mtoto akazaliwa Januari mzima wa afya. Ila naujua urefu wa lile ghuba kwa namna ambayo siwezi kuisahau, kwahiyo mtu asinisome vibaya hapo chini.

Huyu wa kati sasa kakua na daraja lake. Kila Krismasi tukiwa juu ya kivuko tunamwonyesha, mwaka huu nguzo tatu nne zimetoka majini, mwaka unaofuata zimekuwa nyingi, mwaka mwingine kuna kipande cha barabara kimening'inia hewani hakijaungana na kingine, anauliza gari likifika pale mwisho inakuwaje. Ana miaka 5, anakaribia 6, ukimuuliza daraja ni la nani anasema ni langu. Basi Jumatatu tarehe 22 tumepanda gari Nyegezi mi na watoto watatu, mabegi mawili, ndoo ya mafuta, mchele, na viatu vya sikukuu ambavyo wa kati alikataa katakata visiingie kwenye begi. Ni viatu vya mtumba vya soko la Mlango Mmoja, elfu nane, vina taa nyekundu kisiginoni ukikanyaga zinawaka, alilala navyo siku mbili. Baba yao yuko shifti kiwandani, kasema atakuja mkesha.

Tukafika Kigongo. Nikajikuta nimeshashika pochi kwa mazoea, natafuta hela ya mayai. Gari halikusimama. Likapanda tu darajani, wa kati akapiga kelele gari zima watu wakageuka, akasimama kwenye siti anahesabu taa za pembeni, moja mbili tatu kumi na mbili, kitinda mimba naye anapiga makofi maana kaona kaka yake anapiga, abiria wengine wamewasha simu wanarekodi, mzee mmoja mbele yetu kavua kofia kaiweka magotini mpaka tunamaliza. Mi machozi yalinitoka. Chini nikawa naliona gati, pale palipokuwa na foleni, wale mama wa samaki wa kukaanga, vijana wa mayai, ndizi, karanga, mahindi ya kuchoma, miaka yote ile. Halafu tukawa Busisi. Yani basi, tumeshafika.

Kifungua mimba alikuwa kimya njia nzima. Kama nusu saa baadaye ndo akaniuliza, mama, sasa yai tunakula wapi?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kwa bibi kuna kuku wengi. Akaniangalia tu. Na hilo swali ndo likanikaa likizo nzima, maana nilielewa alichouliza. Mwaka mzima sisi ni watu wa kukimbizana, baba yao shifti, mi cherehani na wateja wa sare, watoto shule na tuisheni, tukikutana jioni kila mtu kachoka na luninga inaongea peke yake. Saa moja mbili za Kigongo zilikuwa ndo saa pekee kwenye mwaka ambazo wote watano tumekaa sehemu moja bila simu ya kazi wala jiko. Kivuko kilitulazimisha. Sasa hakuna wa kutulazimisha.

Kwa bibi ni pembeni mwa ziwa kabisa, ukisimama mlangoni unaona mitumbwi ya dagaa. Watoto wameshuka tu, shikamoo bibi, shikamoo babu, tayari wanavua mashati wanataka majini. Na hapa kila likizo nilikuwa napata shida maana ukweni ni ukweni, huwezi kuja na amri zako. Mama mkwe akasema waache mwanangu, baba yao kakulia humohumo. Nikapiga magoti pale jikoni nikamwambia mama, naomba nikueleze kitu. Nikamwambia kichocho cha huku ziwani kinakaa tumboni, wale wadudu wanatoka kwenye konokono wa pembeni kwenye majani, wanapenya kwenye ngozi mtoto akiwa anacheza tu majini, hahitaji hata kunywa. Mtoto anaumwa tumbo, anapata choo chenye damu, anadumaa, na kikikaa miaka bila dawa ini na bandama vinavimba, mtu mzima anakuja kutapika damu.

Mama akaacha kupepeta mchele. Akasema, kama baba yao mdogo.

Shemeji yangu alifariki nikiwa sijaolewa, nimemjua kwa picha. Tumbo kubwa, miguu myembamba. Mtaani walisema karogwa. Mama alikaa na ungo mapajani muda mrefu, mi nikaogopa nimemuumiza siku za sikukuu, nikashika mkono wake tukakaa hivohivo mpaka maji ya chai yakachemka yakamwagikia kuni.

Halafu yeye mwenyewe ndo akaja na wazo. Nilimweleza kuwa wale wadudu nje ya konokono hawaishi muda mrefu, maji ya ziwani ukiyachota ukayaacha kwenye chombo yametulia siku mbili wanakuwa wamekufa. Jioni hiyohiyo akawaita vijana wakajaza pipa mbili akazifunika na bati. Jumatano jioni akatoa lile karai kubwa la kuchanganyia zege, kalisugua kwa majivu mpaka linang'aa, kaliweka chini ya mwembe, akajaza maji na maembe mabichi yakawa yanaelea. Watoto watatu ndani ya karai moja, na wa majirani wawili. Kitinda mimba kakaa katikati maji yanamfika kifuani, kashika embe kwa mikono miwili anang'ata ganda. Bibi kakaa kwenye kigoda na kata mkononi anawamwagia mmoja mmoja kichwani, kila akimwagia anasema Mwangaluka! nao wanatakiwa wajibu, atakayekosea anamwagiwa tena. Wangu wa mjini Kisukuma hawajui, walikosea makusudi. Mpaka giza linaingia walikuwa wameshajua kujibu mhola duhu, yani salama tu, na vidole vimekunjamana kama michembe, vile viazi vitamu vya kukausha.

(Wenye watoto wa shule, zile dawa za kichocho wanazogawa shuleni wanawapima urefu kwa fimbo kujua ameze vidonge vingapi, usimfiche mtoto siku hiyo eti zinaleta kichefuchefu. Mpe ale kwanza ashibe, aende akameze.)

Usiku wa mkesha baba yao katoka kazini saa mbili, saa nne na dakika kadhaa yuko mlangoni kabeba kreti ya soda. Kwa kivuko angefika tarehe 25 watu wameshakula pilau. Tukaenda misa wote, babu mbele na tochi, mtoto mgongoni, viatu vya taa nyekundu vinawaka njia nzima kwenye tope. Sitakaa nieleze pilau, pilau ni pilau. Ila mvua ilinyesha mchana, jioni kumbikumbi wakatoka, babu kawasha taa juu ya beseni la maji, watoto na baba yao wanagombania kuwaokota mpaka saa tano usiku, na mi nikiwa nimekaa mlangoni nikawa nawaangalia nikijiambia hii ni kama Kigongo.

Tarehe 26 baba yao karudi kazini, kwa daraja, kawahi shifti yake.

Mi nikawa nimeshaamua. Jumapili tarehe 28 wakati wa kurudi nikamwomba mama anichemshie mayai kumi. Akauliza ya nini, nikamwambia ya njiani, akachemsha, na chumvi akaifunga kwenye kipande cha kalenda ya mwaka unaoisha. Tukapanda gari mpaka Sengerema mjini, pale badala ya kupanda ya Busisi nikaunga ya Kamanga. Kondakta wa kwanza alinishangaa, dada na watoto wote hao si upite darajani, nikamwambia kaka nataka feri. Ni kuzunguka, najua, na ni nauli mbili, na kitinda mimba alitapika kidogo kwenye barabara ya rafu. Lakini Kamanga feri bado ipo inavuka mpaka katikati ya mji, na tulipofika ilikuwa imeondoka.

Tukasubiri. Kifungua mimba alikaa juu ya begi akaangalia maji, akaangalia foleni, akaniangalia mimi, akatabasamu hivi kwa upande mmoja kama baba yake. Nikatoa mfuko wa mayai. Nilikuwa nimejiandaa mi ndo niwagonge maana baba yao hayupo. Nikashika yai, akaninyang'anya.

Akamwita mdogo wake, kaa hapa, usitikisike. Akapuliza yai kwanza, sijui kwanini, akamgonga paji la uso, ko! Wa kati akacheka akajitupa chini na viatu vyake vikawaka. Kisha kitinda mimba. Huyu ana miaka miwili, mwaka jana alikuwa wa mgongoni, hajawahi kugongwa yai. Kaka yake akapiga magoti kabisa mbele yake, akamshika kisogo kwa mkono mmoja kama baba yao anavyofanyaga, akagonga kidogo sana, yai hata halikupasuka. Mtoto akatoa macho. Akashika paji lake. Akaangalia yai, akaangalia kaka, halafu akasogeza kichwa mbele mwenyewe akasema, ingine.

Tulikula mayai tisa pale. Feri ikaja, tukavuka, upepo mzuri, mawe ya mjini yanakuja taratibu mpaka unaliona jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini. La kumi kifungua mimba alilishika mkononi mpaka nyumbani, akaliweka mezani chini ya sahani ya baba yake kalifunika, akasema akirudi kazini usiku msimwambie.