Kijana wangu huyu, anajifunza

Maneno manne. Nimeyahesabu asubuhi nikipepeta mchele, nimeyahesabu kwenye mwendokasi nikiwa nimesimama, na sasa hivi inakaribia saa saba usiku, bado ni manne.

Mnaosoma hapa tangu zamani mnaijua bodi yangu kubwa ya kamera, ile ya mtumba kutoka Dubai niliyoinunua zamu yangu ya upatu ilipofika. Faraji naye mnamjua, mtoto wa kaka, yuko kwangu tangu amalize mtihani wa kidato cha nne Novemba, ananibebea stendi na kunichajia betri. Na ile harusi ya ufukweni Bagamoyo niliwaandikia, nikalalamika kuhusu pilau. Nisichoandika ni kwamba siku ile nilibadilisha lenzi nikiwa nimeutazama upepo wa kaskazi usoni, kama mtu asiyejua upepo unabeba nini.

Usiku nikafungua picha kwenye kompyuta. Zile za jioni nilibana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikikua, tundu linapungua) ili jua lichanue miale nyuma ya minazi. Miale imechanua vizuri kweli. Na juu ya kichwa cha bwana harusi kuna madoa saba ya kijivu, kama kunguru wa mbali.

Vumbi limetua kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Nikaamua kuisafisha mwenyewe. Saa tano usiku, taa ya jikoni, spiriti ya duka la dawa, pamba za masikio. Mnachotaka kuniambia nimeshajiambia, na kwa maneno makali zaidi. Pampu ya mpira ya kupulizia ninayo. Ilikuwa kwenye begi, begi liko mlangoni, hatua tatu. Sikupuliza. Nilichovya pamba, nikaanza kufuta, na chembe moja ya mchanga wa Bagamoyo nikaikokota kutoka kushoto hadi kulia. Niliihisi kwenye vidole kabla sijaisikia, kijisauti kama chumvi ya mawe chini ya kandambili. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sikuacha. Nilirudia mara ya pili, nikikaza mkono, nikidhani ni uchafu mgumu.

Faraji alikuwa amelala sebuleni. Jikoni nilikuwa peke yangu.

Asubuhi nikapiga picha ya anga. Madoa yalikuwa yamebaki mawili, lakini sasa kulikuwa na mstari, mwembamba, umepinda kidogo mwishoni kama mkia wa mjusi. Nilipompigia Bi Mkubwa kumwambia sensa imeharibika akaniuliza, "Si walishatuhesabu 2022?" Nikacheka, nikakata simu, nikakaa chini.

Basi Jumanne tukaenda Kariakoo kwa fundi, mimi na Faraji. Ghorofa ya pili, ngazi zimejaa maboksi ya viatu, unapita ubavu. Mzee wa makamo, miwani shingoni, meza safi kuliko jiko langu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Tuone."

Akatoa lenzi, akakiinua kioo cha ndani, akawasha kitaa, akainama na kikuzio chake jichoni. Alikaa kimya kiasi cha mtu kumaliza andazi. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Nani kaigusa hii?"

Nami nikasema, "Kijana wangu huyu. Anajifunza."

Yalitoka yenyewe. Hata sikuyafikiria. Faraji alikuwa ameshika kile kifuniko cha bodi, akakigeuza mara moja mkononi, akasema, "Samahani, fundi."

Samahani. Kwa fundi!

Tangu siku hiyo nimejitetea kwa kila namna. Kwanza, sikusema ndiye aliyeigusa. Chukua maneno yenyewe: kijana, ni kweli ni kijana. Wangu, ni wangu, kaka kanikabidhi. Huyu, ni huyu, alikuwa amesimama pale. Anajifunza, ndiyo kazi iliyomleta. Hakuna neno la uongo hata moja. Hakimu yeyote angeniachia. Halafu nafika pale kwenye "Samahani, fundi" na kesi yote inaanguka, naanza tena. Mahari ya Zuhura imeletwa Jumamosi, mvua imefunga Jangwani siku nzima, mwenye nyumba katuma ujumbe wa kodi mpya ya mwaka, na mimi katikati ya yote hayo nimeinama juu ya beseni la vyombo nikinong'ona, "Ni mimi, fundi. Ni mimi." Jepesi hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza angelisema.

Fundi hakukaripia. Ndipo ilipozidi kuuma. Aliinua kichwa, akamtazama Faraji, akasema, "Usijali, mwanangu. Kila fundi unayemwona ana moja aliyoiua." Akavuta stuli. Sio kwangu, kwa Faraji. Akamkalisha, akampa kikuzio, na kwa zaidi ya nusu saa akamfundisha kila kitu ambacho mimi, mwenye miaka tisa ya kupiga harusi, nilikuwa nakihitaji. Mimi nimesimama nyuma na mkoba wangu kama mzazi aliyeitwa shuleni, nanyoosha shingo. Siwezi kuuliza swali. Nitauliza vipi? Mimi ndiye bosi ambaye kijana wake kakosea.

Nilichofanikiwa kudaka ni hiki. Tunachokigusa tukisafisha si sensa yenyewe. Juu yake kuna kioo cha kichujio, na juu ya kioo kuna utando mwembamba sana wa kuzuia mng'ao, na utando huo ndio uliochunika. Sensa iko chini, nzima. Kwenye bodi ya megapikseli 24 kama ile yangu, kila pikseli ina upana wa mikroni 6 hivi, sita kati ya elfu moja za milimita. Unywele mmoja ukitua pale unafunika zaidi ya pikseli kumi, sasa fikiria chembe ya mchanga.

Lakini tunaouona kwenye picha si mkwaruzo, ni kivuli chake. Hapo fundi alinifurahisha, nikasahau kwa dakika moja kwamba mimi ni mwongo. Akanyoosha mkono wake chini ya taa ya tyubu: mezani hakuna kivuli cha maana, ukungu tu. Akazima tyubu, akawasha tochi ya simu: vidole vitano, kila kimoja na ukingo wake. "Ukifungua tundu, hiyo ni tyubu. Mwanga unatoka pande nyingi, kivuli kinayeyuka. Ukilibana, hiyo ni tochi." Wakapiga ukuta kwa f/2.8, safi kabisa. Wakapiga kwa f/16, mkia wa mjusi huu hapa. Ndiyo maana nimepiga kumbi mbili tangu siku ile na hakuna bibi harusi aliyelalamika. Ukumbini nani anabana tundu?

Kubadili sensa nzima, bei aliyonitajia inakaribia ile niliyonunulia kamera. Kubadili kile kioo cha kichujio peke yake inawezekana kwa mwenye vifaa, lakini unene ukipishana na wa kile cha mwanzo, hata kidogo, fokasi inahama. "Ningekuwa wewe ningeiacha," akamwambia Faraji. "Anga usizidi f/8. Ukilazimika, futa mstari kwenye kompyuta." Tukaagana, tukashuka ngazi. Njiani sikusema kitu. Naye hakusema kitu. Nikamnunulia chipsi mayai, akala zote, akasema asante shangazi.

Sasa sikilizeni. Jana mchana nilikuwa nakuna nazi, narudia kama kawaida yangu, na badala ya maneno yangu manne nikajikuta nayasikia ya Faraji. Maana pale kwenye stuli mtoto aliuliza maswali. Wakati ule nilikuwa nimejaa aibu sikuyasikiliza, nilisikiliza majibu tu. Aliuliza, "Fundi, na mtu akitumia spiriti ya duka la dawa?" Fundi akasema hapana, inaacha mabaki, tena hujui imechanganywa na nini. Akauliza, "Na pamba ya masikio?" Hapana, ile inaacha nyuzi. Halafu akauliza la tatu, polepole, anakitazama kile kifuniko:

"Na mtu akishahisi kitu kinakwaruza mkononi, aache, au amalizie?"

Fundi akacheka. "Aache. Apulize kwanza. Lakini hakuna anayeacha."

Mbuzi wa nazi nikainuka juu yake, nikasimama tu.

Sebule yetu na jiko vinatenganishwa na pazia. Pazia lenyewe mnalijua, lile la maua ambalo Zuhura analisema.

Jana usiku tukaitoa ile bodi ya zamani, yenye sensa ndogo, nayo ina vumbi lake la miaka. Fundi alituuzia vijiti bapa vitatu vya milimita 16, upana wa kufagia sensa ile kwa mpito mmoja. Faraji ndiye aliyesafisha. Mimi nilishika tochi. Alihakikisha betri imejaa, kwa sababu ikikata umeme katikati kile kioo cha kuinuka na pazia la shata linaloifunika sensa vinashuka juu ya kijiti. Akainamisha bodi uso chini, akapuliza kwa pampu mara kumi, nilihesabu. Matone mawili ya dawa. Kushoto kwenda kulia, kijiti akakigeuza, akarudi kwa upande mkavu, akakitupa. Hakurudia.

"Shangazi, usihemee ndani."

Nikageuza uso. Nikasema, "Faraji, siku ile kwa fundi..."

"Tochi, shangazi. Imehama."

Nikairudisha. Tukapiga karatasi nyeupe kwa f/22. Doa moja tu, pembeni juu, na kabla sijasema kitu akasema, "Hilo liko chini, kwenye sensa picha inakaa kichwa chini," akapuliza pale chini, tukapiga tena, hakuna. Tulicheka kama watu waliookota hela. Akaniomba kesho atumie bodi ile kwenye kipaimara cha Mbagala, peke yake, mimi nikibaki na kubwa ndani ya kanisa. Nimemkubalia. Na mkionana naye, msimwambie kwamba nimeandika.

Kitu kingine. Uniti za umeme, za LUKU. Jumatatu niliweka za kutosha wiki mbili na hatujaongeza chombo chochote, pasi haijaguswa. Saa tatu usiku nilitazama mita ikasoma 14.6. Friji nimelizima kwa makusudi, taa zote nimezima, Faraji kalala. Nimetoka kutazama sasa hivi na tochi. 11.2.