Baada ya jando na unyago, mtoto anaenda wapi?

Hili swali nimekaa nalo muda mrefu, na kilichonifanya nilivalie njuga ni kusoma habari za jumuiya za vijana wa Kiyahudi. Najua mdau wa Mtwara utashangaa, Wayahudi tena? Ngoja nieleze, na siasa za Mashariki ya Kati leo naziweka pembeni kabisa, naongelea watoto na urithi wao tu.

Iko hivi, mtoto wa kiume wa Kiyahudi akifika miaka 13 anafanya bar mitzva, wa kike miaka 12 au 13 ni bat mitzva, kabla ya hapo anafundishwa kusoma Kiebrania, kwa wengi siku yenyewe anaitwa mbele sinagogi anasoma Torati, ndugu wanajaa, watu wanakula, zawadi zinatoka, na kidini anahesabika mtu mzima. Sasa tatizo ambalo wenyewe wanalilalamikia kila siku ni kwamba wengi sherehe ikiisha ndo basi, mtoto darasani hakanyagi tena, yani pale anapoambiwa umekua ndo hapo hapo anapopotea.

Nliposoma hivyo nikaona huku kwetu kabisa. Mtoto anaingizwa jandoni likizo ya mwezi wa sita au wa kumi na mbili, siku hizi wengine wanapelekwa wadogo mno hata darasa la pili hawajafika, anatolewa kwa ngoma, midimu ya vinyago vya Wamakonde inacheza, mama zake wamevaa sare za khanga, mtaa mzima vigelegele, alafu? Akifika fom tuu muulize babu zake walivukaje Ruvuma kuja huku, anakuangalia tu. Na simlaumu hata kidogo, mana alipofundishwa alikuwa na miaka sita na hakuna aliyerudi kukaa nae akiwa na kumi na tano, umri ambao angeelewa na angeuliza.

Wenzetu wakahangaika na hiyo miaka ya katikati. Mwaka 1924 huko Omaha, mji wa jimbo la Nebraska Marekani, vijana wa kiume wa Kiyahudi ambao vyama vya wanafunzi wenzao vilikuwa haviwapokei waliunda chao wakakiita kwa herufi za Kiebrania, Aleph Zadik Aleph, cha wasichana kikaja rasmi 1944, na leo vyote viwili viko ndani ya jumuiya moja ya vijana inayoitwa BBYO. Alafu kila mrengo wa dini nao ukaweka cha kwake, NFTY ya mrengo wa mageuzi (Reform) 1939, USY ya wa katikati (Conservative) 1951, NCSY ya washika dini (Orthodox) 1954, na huko Jerusalem jumuiya ya vijana ya Bnei Akiva ilishaanza tangu 1929. Sitaki kuwachosha na majina.

Kilichonigusa ni namna zinavyoendeshwa. Vijana wenyewe ndo wanaochaguana, mwenyekiti kijana, mweka hazina kijana, ratiba wanapanga wao, wakubwa wapo karibu kwa ushauri na usalama. Kwa Bnei Akiva binti wa miaka 16 ndo anawaongoza wa miaka 10. Hebu fikiria hapo, huyo binti hawezi kuongoza kikundi kama yeye mwenyewe hajui, kwa hiyo inabidi aende akaulize nyumbani, asome, ajiandae, na yule mdogo anamsikiliza dada yake wa mtaani kuliko atakavyonisikiliza mimi mtu mzima.

Na wanakutana kwa vitu vinavyoshikika. Jumamosi jioni nyota zikishatoka wanaiaga Sabato, wanawasha mshumaa wa kusokota wenye tambi zaidi ya moja, wanapitishiana viungo wanusie, mara nyingi karafuu au mdalasini, wanashikana mabega kwenye duara wanaimba. Ibada ni ya zamani sana ila ukiifanya kambini na wenzako wa rika lako haikutoki. Kuna pia matembezi yaliyoanza 1988, vijana kutoka nchi nyingi wanatembea kama kilomita 3 kutoka Auschwitz hadi Birkenau huko Poland, walikouawa ndugu zao wakati wa vita vya pili, na miaka yote hiyo wametembea na wazee walionusurika. Nikawaza makaburi ya mashujaa wetu pale Naliendele, wanajeshi waliofia Msumbiji, ni watoto wangapi wa hapa mjini wamewahi kupelekwa na mzee anayewaeleza nani kalala pale na kwanini?

Anayesema hayo ya wazungu aangalie Uganda. Kule Mbale kuna Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, walioanza na kiongozi mmoja Semei Kakungulu mwaka 1919, Idi Amin akaipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha. Jeshi letu lilipomng'oa Amin 1979 walikuwa wamebaki wachache sana, na miaka ya 1980 vijana ndo waliohamasishana kurudi, wakakaa kilima cha Nabugoye, na mmoja wa vijana hao, Gershom Sizomu, mwaka 2008 alihitimu urabi Marekani akarudi kuwatumikia watu wake. Vijana!

Kwahiyo hapa Chikongola, Mtwara mjini, tumeanza kidogo na watoto wa sekondari, jumamosi alasiri, wamechaguana viongozi wenyewe, na kazi ya kwanza waliyojipangia ni kila mmoja akamrekodi bibi au babu yake kwa simu, majina ya ukoo, nyimbo za kulimia, walikotoka. Ya kumbini, yani siri za ndani ya jando na unyago, hayasemwi nje na hatuyagusi, somo mmoja (mwalimu wa unyago) na mzee nyakanga (mkuu wa mafunzo hayo) wamekubali kuja kwa sharti hilo na vijana wenyewe wameliheshimu. Mwenye mzee Newala, Tandahimba, Nanyamba au hata Lindi kwa Wamwera ambaye bado anakumbuka na yuko tayari kuongea aniambie kabla ya likizo ya mwezi wa sita, mana ikija ya Desemba wazee wote wako kwenye korosho na huwapati.