Hakuotea!

Semina iliyonipeleka Budapest ilikwisha Alhamisi, na sina la kuisimulia. Ijumaa nikasema lazima nifike Kispest, kitongoji alikokulia Ferenc Puskás, mwanasoka ambaye marehemu baba alimsifia kabla sijajua Hungaria iko upande gani wa ramani.

Kosa langu ni kumtajia dereva wa teksi jina tu. Nilisema "Puskas", akacheka, akanisahihisha: Pushkash. Halafu akanizungusha weee, akanishusha mbele ya uwanja mkubwa wenye jina hilo, ule uliofunguliwa 2019 pale pale ulipokuwa uwanja wa zamani, Népstadion. Forinti 12,000! Kugeuka, naona kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mageti ya uwanja yamefungwa, baridi inang'ata masikio, na Kispest bado iko mbali huko kusini.

Nikajibanza kwenye kimgahawa, nikaagiza lángos, donge la unga lililokandwa bapa, likakaangwa na kupakwa kitunguu saumu na jibini. Kwa bei ile, Tanga ningelisha meza nzima. Meza ya pili alikaa mzee na mjukuu wake wa kike aliyejua Kiingereza. Nilipomtaja Pushkash, safari hii kwa "sh" zote mbili, mzee akaweka kijiko chini.

"Öcsi," akasema. Mjukuu akanieleza kuwa maana yake ni mdogo wangu, na nchi nzima ilimwita hivyo.

Nilidhani ataanzia Wembley, 1953, Waingereza walipochapwa 6-3 kwao. Au mabao yake manne katika fainali ya Kombe la Ulaya la klabu ya 1960, Real Madrid ilipoilaza Eintracht Frankfurt 7-3, Puskás akiwa na miaka 33. Au mabao 84 katika mechi 85 za Hungaria. Wapi! Alikwenda moja kwa moja Bern, Julai 4, 1954, fainali ya Kombe la Dunia, Hungaria na Ujerumani Magharibi.

Alikuwa na miaka tisa, sikio kwenye redio. Hungaria haijapoteza mechi tangu 1950. Puskás anacheza na kifundo kibovu, aliumizwa na Wajerumani hao hao kwenye makundi, siku Hungaria ilipowafunga 8-3. Dakika ya 8 tu, 2-0. Wajerumani wakarudisha yote, na dakika ya 84 Rahn akaweka la tatu. Mpira unaelekea ukingoni, Puskás akatikisa nyavu. Mshika kibendera akanyoosha mkono.

"Hakuotea!" Mzee akaisimamisha chupa ya chumvi ikawa beki, paprika ikawa kipa, kijiko kikawa Öcsi. Nikathubutu kuisogeza chumvi kidogo, akanipiga kikofi cha mkono. Mjukuu alitafsiri huku anachezea simu, kwa sauti ya mtu aliyeisikia hadithi hiyo tangu tumboni.

Mapinduzi ya Hungaria ya 1956, Puskás kufungiwa kucheza, Madrid, kurudi nyumbani 1981: yote hayo mzee aliyapungia mkono.

Nikamkumbuka mjomba wangu pale kijiweni, ambaye hadi leo akikutana na refa fulani mstaafu sokoni hamjibu salamu.

Kispest sikufika. Jumamosi nilipita Basilika la Mtakatifu Stefano, alikozikwa Puskás, kisha nikakimbilia ndege. Nikiwa uwanja wa ndege nikamtumia mjomba kisa chote kwa sauti. Jibu lilikuja kabla sijapanda, nyuma yake vikombe vya kahawa vinagongana na watu wanapigiana kelele:

"Sasa huyo beki wa mwisho alikuwa kasimama wapi hasa?"