Nilivyoipigia hesabu kazi ya Macie kabla ya kuianzisha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ndiyo iliyotusukuma kutafuta ni wapi hasa, ndani ya S3 (ghala la faili la Amazon mtandaoni), namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za wateja wetu zimelala. Macie ya Amazon inaifanya kazi hiyo, ila bei yake inataka utulivu. Kwa kanda ya Virginia, kutunza gigabaiti moja kwenye S3 ya kawaida ni kama dola 0.023 kwa mwezi. Kuikagua mara moja ni dola 1. Yaani ukaguzi mmoja ni sawa na kodi ya pango ya zaidi ya miaka mitatu na nusu. Mhasibu akiona bili hiyo bila kuandaliwa, mradi umekufa.

Nilianza na S3 Inventory, orodha ya faili zote zilizomo ghalani, nikapanga faili zote kwa aina na ukubwa. Picha na video nikaziweka pembeni, Macie haizisomi. Kilichobaki kilikuwa zaidi bekapu za kila usiku, data ileile ikijirudia, nikaamua ikaguliwe ya mwisho tu kwa kila mfumo.

Faili za gz, zile zilizobanwa zipungue ukubwa, ndizo zilizonikalisha. Unalipia ukubwa baada ya kufumuliwa, na makadirio ambayo Macie inakuonyesha yanachukulia uwiano wa 3 kwa 1. Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, hujibana kuliko hapo. Nilipiga gzip -l, amri inayoonyesha ukubwa kabla na baada ya kubanwa, kwa faili chache nikaona zetu zinavuka 10 kwa 1, basi nikayazidisha makadirio mwenyewe.

Kwa logi nikatumia sampuli ya asilimia 5. Asilimia hiyo ni ya idadi ya faili, si ya gigabaiti, kwa hiyo nikaweka na kikomo cha ukubwa, lisije likaokotwa faili moja jitu likala bajeti yote. Nikaongeza kitambulishi changu, kanuni ya kuiambia Macie itafute nini: tarakimu 20, zikiwa karibu na neno NIDA. Fomu za mikopo zilikaguliwa zote, kisha ratiba ya kila wiki ikabaki kwa faili mpya pekee. Tahadhari ya AWS Budgets, huduma ya Amazon ya kufuatilia matumizi, niliiwasha pia, ingawa hiyo hupiga kelele tu, haizimi kitu.

Sampuli ilitoa namba za NIDA kwenye logi za mfumo wa majaribio. Hizo nikaagiza zikaguliwe zote, kwa pesa iliyookolewa kwenye bekapu.